Gari la matangazo halisubiri maswali

Nimechoka kusoma kwamba wafugaji "walikuwa na uelewa mdogo" kuhusu korona. Nimeikuta sentensi hiyo kwenye ripoti, kwenye mada za semina, hata kwenye fomu za miradi tunazoletewa tujaze sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Anayeiandika mara nyingi hajawahi kulala bomani. Mimi ni Mmasai wa wilaya ya Ngorongoro, nimezaliwa nyanda za juu nikaolewa upande wa Loliondo, na kazi yangu tangu kabla ya ugonjwa ule ni kuzunguka maboma nikiwa na begi mgongoni, daftari, na mizani ya kupimia watoto. Naandika niliyoyaona kwenye eneo langu. Mwenzangu wa Simanjiro au Kiteto atakuwa na yake.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, tena mkoani kwetu Arusha: mama wa miaka 46 aliyeshuka uwanja wa KIA akitokea Ubelgiji, akalazwa Mount Meru. Kesho yake shule zikafungwa. Haikupita wiki kila mwenye simu alikuwa ameshasikia, na asiye na simu akawa amesimuliwa. Kwa hiyo kusikia hakukuwa shida yetu hata kidogo. Shida ilikuwa tumesikia kwa nani.

Watalii walipokatika, maboma ya utamaduni yaliyo kando ya barabara ya kreta yakabaki na shanga zao. Vijana wetu wanaolinda hoteli za Zanzibar na Arusha wakaanza kurudi nyumbani, na hao ndio waliokuwa redio yetu. Walikuja na sauti za WhatsApp za Kimasai, nyingine za maana, nyingine balaa. Moja ilisema ugonjwa hauwapati watu weusi. Nyingine ilisema pombe kali inaua virusi kabla havijafika kifuani, na hiyo niliona inasambazwa kwa bidii zaidi na baadhi ya wazee kuliko na vijana.

Mtu wa mjini ataniuliza, redio halisi ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Loliondo kuna redio ya jamii, Simanjiro iko Orkonerei ya siku nyingi. Lakini kanuni za utangazaji za nchi yetu zinataka Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine mpaka kwa idhini. Aliyetaka habari kwa lugha anayoiota usiku alielekeza antena upande wa Narok, Kenya. Matokeo yake, bibi wa mume wangu, ambaye wote tunamwita Koko, alijua saa ya kafyu ya Kenya kabla hajajua kama Tanzania kuna kafyu. (Haikuwepo.) Kwa wiki kadhaa alikuwa akiingiza mbuzi zizini mapema na kutugombeza tunaochelewa.

Halafu likaja gari la matangazo. Lilikuwa na spika mbili juu, vumbi nyuma, na sauti iliyorekodiwa: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, vaa barakoa, kaa umbali wa mita moja, epuka msongamano. Lilipita asubuhi saa nne. Saa nne wanaume wako machungani na wanawake wako njia ya maji na punda. Waliobaki bomani ni watoto, vikongwe na mbwa, na mbwa ndio waliolifuata mbali zaidi.

Nililikimbilia, nikalisimamisha. Dereva alikuwa mtu mwema, akazima injini. Nikamwambia nina maswali ya watu wangu. Akasema yeye ana ratiba ya vijiji, maswali nipeleke zahanati. Zahanati nako mganga mfawidhi alikuwa na bango lilelile, limebandikwa ukutani.

Na maswali yalikuwepo, tena mazuri. Mtoto wa Kimasai akikutana na mkubwa huinamisha kichwa ili ashikwe utosini. Hiyo ndiyo shikamoo yetu. Mtoto asiyeinamisha kichwa hajalelewa, na mzee asiyeshika amemkataa. Bango lilisema tusishikane, lakini halikusema mzee afanye nini na kichwa kilichoinama mbele yake. Morani hatakiwi kula peke yake, hatakiwi hata kunywa maziwa peke yake, lazima awe na wa rika lake. Bango lilisema kila mtu awe na chombo chake. Maji tiririka tulijitahidi nayo: tulitengeneza vibuyu chirizi kwa madumu ya mafuta ya kula, kamba na kijiti cha kukanyagia. Lakini mama anayefuata maji tangu alfajiri, akirudi na madumu ya kupikia, kunywesha ndama na kunyweshea watoto, ukimwambia amwage mengine kwenye mikono kila baada ya muda, atakutazama kwa huruma. Tulikubaliana naye kuhusu nyakati chache: kabla ya kukamua, kabla ya kula, baada ya kutoka mnadani. Makubaliano hayo hayakuwa kwenye bango lolote.

Aliyeniokoa ni laigwanani, kiongozi wa mila, mmoja mzee sana, mtu ambaye ripoti ingemweka kwenye safu ya "uelewa mdogo" kwa sababu hakusoma. Walikaa chini ya mti wao, wakaniita nieleze. Nikaeleza yote niliyofundishwa, mpaka jambo lililokuwa likiwashinda: kwamba kijana anaweza kuwa nao, asikohoe, asihisi kitu, na bado akamuua babu yake. Wakanikatalia. Mgonjwa asiyeugua ni mgonjwa gani? Mzee akawanyamazisha, akauliza: nyumbu wakizaa, tunafanya nini na ng'ombe?

Kila mfugaji wa Ngorongoro anajua jibu. Karibu na Februari, nyumbu wanapozaa kwenye nyasi fupi za tambarare, ng'ombe huondolewa, hupandishwa juu, hata kama huko malisho ni mabaya na tambarare ndiyo yenye utamu. Ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa ambao ng'ombe akiupata hufa, karibu hana dawa. Na nyumbu mwenyewe hana habari, anaruka tu. Mzee akasema: vijana wetu wanaotoka Zanzibar ndio nyumbu, sisi ndio ng'ombe. Kikao kikaisha. Jioni ile ile wakakubaliana kwamba anayerudi kutoka mjini atalala kwenye kibanda cha pembeni, ataletewa chakula na mtu mmoja, na watoto hawatainamisha kichwa kwake mpaka wiki mbili ziishe. Wenye rika lake walikula naye kwa kukaa mbalimbali, kila mmoja na kikombe, na sheria ya kutokula peke yake haikuvunjwa. Nilikuwa nimehangaika na semina nzima, na kilichohitajika ni mtu mmoja anayejua tunachokijua tayari.

Kujitenga si jambo geni kwetu. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe, ndui ikamaliza watu, na wazee bado wanausimulia wakati huo kwa jina lake, Emutai. Boma lenye ugonjwa linakwepwa. Mifugo yenye homa ya mapafu inatengwa. Ukitaka kuwafundisha wafugaji karantini, anza kwa kuwauliza.

Lakini nisiwapambe wazee. Mti wao ni wa wanaume. Mambo yaliyoamuliwa pale yaliwafikia wanawake nusunusu, kupitia kwa waume wenye kupenda kusimulia, na siyo wote wanaopenda. Wakati huo anayemhudumia mgonjwa ni mwanamke, anayechota maji ni mwanamke, anayejua nani kakohoa usiku ni mwanamke, maana nyumba ni yake, kaijenga yeye. Nililazimika kurudia kila kitu upya kwenye visima na siku ya kliniki ya mkoba, ile inayotufuata vijijini, na huko ndiko nilikopata maswali ambayo wanaume hawakuyafikiria. Mama mwenye korona anyonyeshe? Mjamzito aende kujifungulia zahanati au huko ndiko ugonjwa uliko? Kwa hili la pili sikuwa na jibu zuri. Niliona kina mama wakijifungulia nyumbani kwa hofu, na hilo ripoti za korona hazilihesabu.

Wakati huohuo nilikuwa nikisoma, mtandao ukikubali, habari za watu wengine wanaofanana nasi. Kule Dakota Kusini, Marekani, Wasioux wa Cheyenne River waliweka vizuizi vyao kwenye barabara zinazoingia ardhini kwao, gavana akataka viondolewe, wakakataa. New Zealand Wamaori nao waliweka vyao kwenye baadhi ya maeneo. Nilimsimulia mume wangu, akacheka. Sisi tunalo geti tayari, Lodoare, pale unapopandia kwenda kreta, na kazi yake ni kutuuliza sisi wenyeji kitambulisho. Kizuizi cha kuzuia mtalii kisingemaliza saa nzima. Serikali yetu ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2007 kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, ila hapa ndani haimtambui mtu yeyote kuwa wa asili zaidi ya mwingine, Watanzania wote ni wenyeji. Sipendi kubishana juu ya hilo kwenye mambo ya siasa. Kwenye mambo ya afya maana yake ni rahisi: bango la Kariakoo, Dar es Salaam, ndilo bango la Malambo huku kwetu.

Takwimu za mwisho kutolewa mwaka 2020 zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo zilikaa zaidi ya mwaka bila kutolewa. Mwanzoni mwa Mei Rais Magufuli akasema sampuli za papai na mbuzi zimepimwa zikaonekana zina korona, kwa hiyo vipimo vina walakini. Habari ya mbuzi ilifika bomani siku hiyohiyo. Habari zinazohusu mbuzi huku hazihitaji gari. Juni akatangaza kwamba Mungu amesikia maombi, korona imeondoka. Julai zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na ndani yake ikawa ni marufuku kuweka taarifa za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila ruhusa ya mamlaka. Mimi mwenye kikundi cha WhatsApp cha kina mama, sauti zangu mwenyewe za Kimasai, nikaanza kujiuliza kama naruhusiwa kumwambia mtu anawe mikono.

Kipindi hicho ndicho kigumu kuliko chote, na ndicho kinachoandikwa kidogo kuliko vyote. Watu waliendelea kukohoa. Kwenye vyeti na kwenye mazungumzo kukawa na "nimonia" na "changamoto ya upumuaji". Mzee akifa na kifua, mwanawe ananitazama usoni kunipima kama nitalitaja jina lile, nami silitaji. Vibuyu chirizi vikakauka, mbuzi wakatafuna kamba. Kibanda cha pembeni kikageuka cha ndama. Na wale wazee walioamua wenyewe, kwa akili zao, bila posho, wakaonekana wajinga mbele ya vijana: si mliambiwa imeisha? Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Laigwanani anaishi kwa neno lake. Ukimfanya aonekane amedanganywa, humpati tena kirahisi.

Kujifukiza sikukupinga, na sikukupigia debe. Huku kwetu mvuke na supu ya mizizi ni mambo ya siku zote. Mtu mwenye kifua anapikiwa oloisuki bila kungoja tamko la wizara. Ilichekesha tu kuona jambo la bibi zetu linatangazwa kwenye televisheni kama jipya.

Januari 2021 Rais akasema chanjo za nje si za kuaminiwa. Mwanzoni mwa Februari wizara ya afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Tarehe 17 Machi Rais akafariki. Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai, Ikulu ya Dar es Salaam, akachomwa sindano hadharani. Dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson zilikuwa zimeingia siku chache nyuma. Siku mbili baada ya uzinduzi, Mchungaji Ambilikile Mwasapile akafariki, Babu wa Samunge, yule ambaye mwaka 2011 kikombe chake cha dawa cha shilingi 500 kilijaza barabara za wilaya yetu magari kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, na vigogo wa serikali wakanywa pamoja na sisi. Msibani kwake na baada yake, watu waliyaweka mambo mawili pamoja bila kejeli yoyote: mwaka 2011 wakubwa walikuja kunywa kikombe hapa kwetu, sasa wanatuletea sindano kutoka kwao, na katikati walituambia hakuna ugonjwa. Tuchague lipi?

Nilichanjwa mapema, mbele za watu, bega langu likavimba kidogo, nikalionyesha. Lakini kizuizi hakikuwa hofu ya sindano. Wafugaji wa huku wanalipa fedha zao wenyewe kuchanja ndama dhidi ya ndigana kali, na ndama aliyechanjwa anavishwa hereni sikioni ili mnunuzi ajue thamani yake. Wanaijua chanjo. Wanajua inaweza kumpandisha mnyama homa kabla ya kumkinga, na wanajua kusubiri. Kizuizi kilikuwa daftari.

Timu ya chanjo inataka jina, jina la baba, kitongoji, namba ya NIDA, namba ya simu. Ni utaratibu wa kawaida, hauna ubaya. Lakini ulikuja kipindi ambacho kila mwenye daftari alikuwa anaogopwa. Mwishoni mwa 2021 chanjo ilikuwa kwenye mpango harakishi na shirikishi, tukipita nyumba kwa nyumba. Mwanzoni mwa 2022 magazeti na Bunge vilikuwa vinaongelea kuwaondoa watu Ngorongoro, Februari Waziri Mkuu akaja, na habari ya kuhamia Msomera, Handeni, ikawa haina siri tena. Orodha za waliojiandikisha "kuhama kwa hiari" zilikuwa zinazungumzwa kila kona. Na mimi napita na daftari, nikiambatana na wageni wawili na gari jeupe. Mama mmoja ninayemjua tangu utoto, niliyempimia watoto wake wote, alinipokea kwa chai, akaniamkia vizuri, akakataa kutaja jina la mumewe. Alisema: "Wewe nakujua. Hilo daftari silijui linalala wapi."

Ningemjibuje? Mwishoni mwa Machi 2022 zikatoka barua kwamba fedha za UVIKO-19, yaani korona, zilizokwisha kupangiwa shule za tarafa ya Ngorongoro zihamishiwe Handeni. Hizo ni fedha za mkopo ule wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, uliojenga madarasa nchi nzima. Nakala za barua zilizunguka kwenye simu siku nzima. Baada ya hapo, ukitamka "UVIKO" kwenye mkutano, mtu alikuuliza habari za Handeni. Juni, msafara wa kwanza wa Msomera ukaondoka, na Loliondo zikawekwa beacon, yaani alama za mpaka, mabomu ya machozi na risasi zikasikika, watu wakakimbilia Kenya na majeraha. Nani angekaa kusikiliza habari za dozi ya nyongeza?

Ndiyo maana hilo neno "uelewa" linanikera. Yule mama alielewa kila kitu. Alielewa chanjo, alielewa serikali, alielewa na mimi niko wapi katikati yao. Aliyefanya hesabu mbovu ni yule aliyedhani afya inaweza kuja na gari moja, daftari moja na sura moja na mambo mengine yote, halafu ikaaminiwa peke yake.

Kilichosaidia kidogo, na nasema kidogo, ni pale timu moja ilipokubali kuja jioni na kulala. Hawakuchanja mtu usiku ule. Walikunywa maziwa, wakaulizwa maswali mpaka moto ukazimika, na daktari kijana wa kike akajibu mengine kwa kusema "hilo sijui". Asubuhi wakakubaliana na wanawake kwamba fomu zitajazwa na mimi, na kila aliyechanjwa atasomewa yaliyoandikwa juu yake kabla ya kuondoka. Tulichanja wengi kuliko siku yoyote ya nyuma, wakiwemo wazee wawili wa ule mti. Mama wa daftari hakuja. Alituma binti yake.

Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilipotoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, wizara ilisema vipimo havikuonyesha ugonjwa. Tarehe 20 mwezi huohuo Rais akathibitisha, Biharamulo kuna mgonjwa. Siku ya kliniki ya mkoba iliyofuata kina mama walikuwa wameshapata zote mbili, kanusho na uthibitisho, na waliniuliza, kwa utulivu kabisa, huwa kunapita siku ngapi kati ya moja na nyingine. Nikawaambia tusihesabu siku, tuanze kunawa leo. Wakanawa. Vibuyu chirizi vimerudi, safari hii kamba tumetumia waya.

Jambo la timu kulala bado tunalibishania. Nimeliandika kwenye kila ripoti ya robo mwaka, na jibu ni kwamba posho ya kulala nje haimo kwenye bajeti ya kliniki ya mkoba. Wanawake wamesema watatoa mbuzi na nyumba. Hapo tena nikaambiwa mbuzi haina stakabadhi.